Mateka wa Bi Zuhura Pale Mindu

Nyie wenzangu mliosafiri na gari moshi daraja la tatu miaka ile hamhitaji kuelezwa. Ukishaingia, mwili wako unakuwa mali ya behewa zima. Mimi nilitoka Tabora nikiwa na miaka kumi, nimekalia ndoo ya plastiki iliyojaa sufuria zetu, kichwa nimekiegemeza kwenye gunia la karanga la mama mmoja nisiyemjua, na juu ya miguu yangu amelala mtoto wa mama mwingine. Manyoni ilipita nikiwa usingizini. Saranda niliamshwa na harufu ya kuku wa kukaanga aliyeingizwa kupitia dirishani. Baba alinunua paja moja, likagawanywa kwa watu wanne kwa namna ambayo wanangu leo wakihadithiwa wanadhani natia chumvi: mimi na mdogo wangu nyama, mama mfupa, baba akalamba karatasi.

Ilikuwa mara yangu ya nne kuhama. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mafundi wa aina yake walifuata kazi kama ng'ombe wanavyofuata majani. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mlevi. Miguu yake tu ndiyo ilikuwa inawasha. Akikaa mahali miaka miwili anaanza kuwauliza watu habari za miji mingine, na mama akisikia maswali hayo anaanza kukusanya kamba za kufungia mizigo. Baba alikuwa na msemo wake: "Mwanamume ni maji. Akituama, ananuka." Kwa sababu ya msemo huo nilikuwa darasa la nne na nilikuwa nimeshasoma shule tatu. Kila shule niliacha rafiki. Ndani ya behewa lile, nikiwa nimekalia ndoo, nilijiapiza kwamba safari hii sitamzoea mtu yeyote, ili siku ya kufunga kamba nisilie tena.

Tulifika Morogoro alasiri. Tabora kwetu ni tambarare, kilima kikubwa nilichokuwa nimekiona ni kichuguu. Sasa nikainua macho nikaona Uluguru, ukuta mzima wa kijani umesimama nyuma ya mji, na juu yake kitu cheupe kinafuka.

"Baba," nikasema, "mlima unaungua."

Wapagazi wa stesheni walicheka mpaka mmoja akatua mzigo. Lilikuwa wingu.

Tulipanga vyumba viwili njia ya Mzinga, kwa mama mmoja wa Kiluguru aliyeitwa Bi Zuhura. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mfupi, mnene, sauti yake inatangulia mlangoni kabla yake. Kwao asili ni Matombo, huko milimani Uluguru, na nyumba ile ilikuwa yake yeye na dada zake, maana kwa Waluguru mali na watoto hufuata upande wa mama. Alikuwa anaishi na wajukuu wawili, watoto wa binti yake, Shomari wa rika langu na Mwajuma aliyetuzidi mwaka mmoja na akili nyingi.

Siku ya kwanza tu, baba alipotaja tulikotoka, Bi Zuhura akashika kiuno. "Wanyamwezi! Kumbe ndiyo nyie. Babu zenu walipita hapa na mizigo kichwani wakienda Bagamoyo, wakala ndizi za bibi yangu, hawakusema hata asante."

Mama, ambaye alikuwa hajatabasamu tangu Dodoma, akajibu akiwa bado ana mdogo wangu mgongoni. "Hizo ndizi waliziokota, mtani. Wenyewe mlikuwa mmejificha mlimani mnachungulia."

Wakacheka wote, wakashikana mikono kama ndugu waliopotezana. Mimi sikuelewa kitu. Utani wa kwetu na watu wa huku ulianza zama za misafara, na wenye umri wangu mnajua ulivyokuwa: mtani anaweza kukutukana mbele za watu, anaweza hata kuchukua kitu chako akaondoka nacho, na wewe hukasiriki. Unacheka, halafu unatafuta kitu cha kukikombolea. Lakini mimi hakuna aliyekuwa amenifundisha. Asubuhi yake nikamwona Bi Zuhura anatoka kibarazani kwetu na kikaango cha mama, anatembea bila hata kuharakisha. Nikamkimbilia, nikamng'ang'ania khanga, nikapiga kelele: "Mwizi! Mwizi wa kikaango!"

Majirani walitoka na fimbo. Wakamkuta Bi Zuhura ameketi chini anacheka mpaka machozi, na mimi nimekumbatia kikaango. Mama alitamani ardhi ipasuke. Akakikomboa kikaango kwa kibaba cha mchele, akamwomba radhi kwa ajili yangu, na tangu siku ile mtaa mzima ukaniita Askari. Bi Zuhura alinipenda tangu siku ile ile. Alisema hajawahi kuona Mnyamwezi anayelinda kitu.

Sasa niwaambie habari za Jumapili.

Bwawa la Mindu lilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, na siku hizo lilikuwa bado jipya. Miti iliyozamishwa na maji ilikuwa bado imesimama katikati, mikavu, myeupe, na juu yake ndege minandi wametanua mabawa kama nguo zilizoanikwa. Bi Zuhura alikuwa akiuza chakula pale kwa watu wa mjini waliokuja kupunga upepo. Jumapili baada ya sala ya alfajiri alikuwa ameshaamka anakaanga mihogo, na sisi watatu tulikuwa wabebaji wake. Shomari alibeba mihogo, Mwajuma ndizi mzuzu za kuchoma, mimi sufuria la perege wa kukaanga. Njia nzima harufu ya samaki ilikuwa inanipanda puani, na adhabu ya kudokoa ilikuwa inajulikana.

Ukitokeza juu ya tuta la bwawa, upepo unakupiga kifua. Upande huu mlima wa Mindu na msitu wake, upande ule Uluguru na mawingu yake, katikati maji yametandazwa mpaka macho yanachoka. Nilikuwa nimetoka nchi ya visima. Sikujua kwamba maji yanaweza kuwa mengi kiasi hicho na yakanyamaza.

Sikujua pia kuogelea, na Shomari alihakikisha kila mtu anajua. "Mnyamwezi akiona maji anatafuta daraja," alisema, na watoto wa Kasanga pale jirani wakaimba. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha. Tulikata magogo ya migomba, matatu, tukayaunganisha kwa vijiti vilivyochongwa, yakawa chelezo. Gogo la mgomba haliwezi kuzama hata ukilisihi. Nililalia tumbo, mashavu yameshikana na ule utomvu wa mgomba unaochafua nguo isitakate tena, na Shomari akanisukuma akiwa amesimama maji ya kifuani. "Piga miguu, Askari. Siyo hivyo, unapiga kama unakanyaga udongo wa kujengea." Jumapili ya nne alitoa gogo moja. Ya tano akatoa la pili. Ya sita nikageuka nikaona chelezo kiko mbali kinaelea peke yake, na mimi niko juu ya maji nakohoa, naishi.

Kulikuwa na sheria, na ole wako uivunje. Kuogelea ni pale tu wanawake wanapofulia, kwenye mawe, si kwenye majani marefu. Jua likianza kuinama, wote nje, kwa sababu viboko wanaanza kusogea kwenda malishoni. Tuliwaona kwa mbali, masikio na macho tu juu ya maji, wakipumua kama mtu anayezima moto wa koroboi. Bi Zuhura hakuwa na haja ya kutuita mara mbili. Alisimama, akapiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, na hata watoto wasio wa kwake walitoka majini.

Mchana tulivua. Mwajuma ndiye alikuwa bingwa. Sisi tulihangaika na ndoana na nyungunyungu, tunahama mwamba hadi mwamba, tunalaumiana kwa kelele. Yeye anakaa mahali pamoja na ufito wake, mguu mmoja ndani ya maji, na perege wanamjia utadhani amewaandikia barua. Nilimuuliza siri yake. "Nyie mnawafuata," akasema. "Mimi nawangoja." Shomari alisema ni uchawi wa Matombo.

Kiangazi maji yalirudi nyuma, yakaacha uwanja mpana wa tope lililokauka na kupasuka kama ukoko wa ugali. Hapo tulicheza chandimu, mpira wa matambara na mifuko ya nailoni, magoli ni visiki. Ukianguka unatoka na ramani gotini. Masika uwanja wote unakuwa bwawa tena, na unaogelea juu ya goli ulilofungwa. Kuna siku tulipanda mpaka msituni kwenye mlima wa Mindu, kutafuta ubuyu na kutazama mji, na tukaona mvua inavyotoka Uluguru: pazia la kijivu linashuka, linafunika kijiji kimoja, kisha kingine, na sisi tumesimama juani tunahesabu itatufikia lini. Ilitufikia. Tuliteleza mpaka chini kwa makalio, na kaptula yangu ya shule ikaisha maisha yake hapo.

Wengine walikuwa wanatazama milima. Mimi macho yangu yalikuwa yanakwenda ng'ambo, kwenye barabara ya Iringa inayopita kando ya bwawa. Mabasi ya bara yaliyotoka kituo cha Msamvu yalipita pale, mizigo imefungwa juu, mengine yana kuku wamening'inia kwenye matenga. Kila nikiliona basi lenye magodoro na vitanda juu ya paa nililifuata kwa macho mpaka likapotea. Nilikuwa nimeshavunja kiapo changu cha kwenye gari moshi. Nilikuwa nimewazoea wote.

Nilipokuwa darasa la sita, baba alianza kuuliza habari za Mbeya.

Aliuliza kwanza kwa kinyozi. Kisha kwa dereva mmoja aliyekuja kuchomelewa bampa. Baada ya wiki mbili nikamwona mama anaviringisha kamba ya katani mkononi mwake, polepole. Hapo nikajua. Nilikwenda bwawani siku ile, ilikuwa Jumamosi, sikumuaga hata mtu, nikakaa kwenye mwamba wa Mwajuma. Alinikuta hapo. Sikukusudia kumwambia, lakini nilimwambia yote: kwamba nimebakiza mwaka na miezi nimalize shule, kwamba nimechoka kuwa mwanafunzi mgeni, kwamba siku ya kuondoka nitajificha mlimani mpaka basi liwaache.

Mwajuma alivuta ufito wake, akatazama chambo, akarudisha majini. "Utakula nini huko mlimani, Askari?" akauliza. Ndilo jibu pekee alilonipa. Lakini jioni alimwambia bibi yake.

Idi ikafika. Enzi zetu Idi pili ilikuwa ya kwenda bwawani, Mwislamu na Mkristo, mwenyeji na mtu wa kuja. Mji mzima ulihamia ukingoni. Wasichana na magauni ya vitambaa vinavyometa, wavulana na miwani ya plastiki na mapulizo, mpiga picha na kamera moja ambaye alikuambia picha ni wiki ijayo na wewe ukaamini. Bi Zuhura hakuuza siku hiyo. Alipika pilau kwenye mafiga matatu, pilau yenye mdalasini wa Matombo ambao dada zake walikuwa wamemletea, na akatualika familia yetu mkekani kwake.

Tulipokwisha kula, baba akasafisha koo. "Mtani, tunakushukuru. Umetulea vizuri hapa. Mwezi ujao tunakwenda Mbeya, nimepata kazi."

Bi Zuhura alinawa mikono, akaifuta. "Maganga," akaniita kwa jina langu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Njoo hapa."

Nikaenda. Akafungua khanga ya mabegani mwake, akafunga pembe moja kwenye kifundo cha mkono wangu, pembe nyingine kwenye wake. "Baba Maganga," akasema kwa ile sauti yake, "huyu nimemteka."

Watu wakacheka. Walio karibu wakasogea, maana kila mtu alijua mchezo huo na kila mtu aliupenda. Baba naye alicheka.

"Haya, mtani. Unataka nini? Kuku?"

"Kuku ninao, tena wananenepa kuliko wewe."

"Basi chukua kofia yangu hii."

"Inanuka gari moshi."

Kicheko kikapanda. Baba akapiga magoti kwa mbwembwe. "Taja mwenyewe basi. Taja, nimeshindwa."

"Nataka amalize darasa la saba hapa," akasema Bi Zuhura. "Akimaliza, njoo umkomboe. Hapo hata nikikataa, watu hawa wote ni mashahidi wako."

Kicheko kikapungua, kama redio inayoishiwa betri. Nilimwona baba anatafuta usoni mwa Bi Zuhura kama bado ni utani, na hakuweza kujua. Hilo ndilo lililomfunga. Kumkasirikia mtani ni aibu, na aibu hiyo ingemfuata mpaka Tabora. Lakini kucheka na kuniacha ilikuwa ni kuniacha kweli. Akamtazama mama. Mama alikuwa anapanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mtani," akasema baba kwa sauti ya chini, "mtoto wa kiume siyo kikaango. Mwanamume ni maji. Akituama, ananuka."

Bi Zuhura alielekeza kidevu chake kwenye bwawa. "Haya hapa yametuama. Nenda mjini kawaulize wanaoyanywa kama yananuka."

Baba aliyatazama yale maji. Kisha akainuka, akaenda kando ya ukingo, mikono nyuma, shati lake jeupe la Idi likipepea, na sisi tukamtazama mgongo. Alikwenda mpaka kwenye mawe ya wafuaji, akasimama pale muda mrefu. Mkono wangu uliofungwa ulikuwa umelowa jasho, na sikujua kama ni langu au la Bi Zuhura.

Aliporudi hakumsemesha Bi Zuhura. Alinisemesha mimi. "Wewe unataka?"

Katika kuhama kwetu kote, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi, mtani," baba akasema, "umenishika pabaya."

Jioni ile mama alichukua sindano akashona vifungo vya mashati yangu, hata vile ambavyo havikulegea. Siku walipoondoka sikwenda Msamvu, niliogopa nitapanda basi. Bi Zuhura alinipeleka kwenye tuta la bwawa, tukakaa. Basi lilipopita barabarani ng'ambo, mkono ulitoka dirishani umeshika khanga ya njano, ukapepea mpaka kwenye kona. Bi Zuhura hakusema lolote la busara. Alinipa muhogo.

Nikaishi kwake mwaka na miezi kadhaa, na siwezi kuwadanganya kwamba kila siku ilikuwa Idi. Nililia usiku kumlilia mama. Nilichapwa pamoja na Shomari kwa makosa ya Shomari. Likizo tulipelekwa Matombo kubeba ndizi, barabara ile inayovunja lori na mgongo, na huko wazee wa kike wa ukoo wakanikagua kama mbuzi wa mnadani. "Huyu ndiye mateka?" wakauliza. "Mbona hajafungwa?" Wakanishibisha mafenesi mpaka nikaugua. Lakini nilikuwa mwanafunzi ambaye mwalimu alijua jina lake tangu mwaka jana na wa juzi. Nilikuwa na kisiki changu bwawani, kila mtu anajua ni cha Askari, na nikienda Jumapili hakuna anayekikalia.

Mwaka jana nilipita Morogoro nikitokea Mtwara kwenda Mwanza. Mimi nami nimerithi miguu ya baba. Nimekuwa utingo, nimechimba dhahabu, nimetengeneza simu, nimeuza mitumba, na kila mahali nimepaita nyumbani kwa miaka miwili. Nilishuka Msamvu nikasema nitapoteza siku moja. Msamvu yenyewe sikuitambua, kituo kimekuwa kikubwa utadhani uwanja wa ndege. Nikamtafuta Shomari, nikampata, ana mvi na kitambi, na wajukuu wawili wanampanda mgongoni.

Tukaenda wote Mindu. Ile miti myeupe imekwisha kuanguka. Bwawa lenyewe limesogelewa na mji, na mahali pengi huruhusiwi kukaribia maji, jambo ambalo nalielewa, watu ni wengi na kiu ni kubwa. Tulikuta vijana wamekuja kupumzika. Walikuwa saba, na nadhani hakuna hata mmoja aliyeliona bwawa. Waliligeuzia mgongo wote, wakainua simu, wakatabasamu, wakatazama walivyotoka, wakarudia. Binti mmoja alitaka picha ameweka mguu majini, lakini aliogopa kuharibu viatu, basi mwenzake akampiga akiwa ameunyanyua mguu juu ya maji, na kwenye picha ikaonekana sawasawa. Nikamuuliza kijana wao mmoja, aliyekuwa ameniamkia vizuri tu, kama anajua kuogelea. "Hapana, mzee wangu, ila nina video nimejifunza." Nilicheka, naye akacheka, hana kosa. Mimi nilikuwa na magogo ya migomba, yeye ana video, kila mtu na chelezo cha enzi zake. Lakini nilitamani ningemsukuma kidogo.

Shomari alikuwa ameketi kwenye nyasi. "Siku tunamzika bibi Matombo," akasema, "tulikutafuta." Nilijua kwamba Bi Zuhura alifariki, habari zilinifikia zimechelewa kwa miezi. "Mtani ndiye anachekesha msibani. Ndiye anamzuia marehemu asizikwe mpaka wafiwa watoe kitu. Tulikaa pale kila mtu kainamisha kichwa, hakuna wa kusema neno la kijinga. Angechukia sana. Ulikuwa wapi?"

"Geita," nikasema. Halafu nikakumbuka, "Hapana, nilikuwa nimeshatoka Geita."

Basi niwaambie tu jinsi nilivyoondoka kwa Bi Zuhura, kwa sababu tangu siku hiyo sikurudi tena kuishi Morogoro.

Baba alikuja baada ya mtihani wa darasa la saba, peke yake, amekonda. Alikuwa amebeba dumu la asali ya Tabora, ya nyuki wadogo, aliyoiagiza kwa babu ili isije ikasemwa kwamba Mnyamwezi alimkomboa mwanawe kwa kitu cha dukani. Bi Zuhura alikuwa amekaa mkekani uani, na aliposikia hodi yake alinivuta nikakaa kando yake, akanishika mkono kwa nguvu. Majirani wakaja. Baba akapiga magoti, safari hii bila mbwembwe, akasukuma dumu mbele.

"Lete nionje," akasema Bi Zuhura. "Nyie watu mnaweza kutia maji."

Akachovya kidole, akakitia mdomoni, akafumba macho. Nilitaka kumwona mama, nilikuwa nimemkumbuka mno. Na bado nilimwomba Mungu, pale pale nimeketi, Bi Zuhura aseme ni maji ya sukari. Aseme ni kidogo. Aseme anataka pipa zima, na baba arudi Tabora kuifuata, miaka miwili njiani. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu sana. Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni, na yeye alikuwa anangoja.

Lakini utani una haki yake, na Bi Zuhura aliijua kuliko sisi sote. Ukombozi ukiwa halali, unaupokea.

"Ni asali," akasema. "Imetosha."

Vidole vyake vikafunguka. "Mchukue, mtani. Anakula sana, na samaki mpaka leo anawafukuza." Watu wakacheka kwa furaha, baba akacheka, na Bi Zuhura akainua dumu lake akaenda nalo jikoni, tukamsikia huko anagombana na sufuria.

Nimeaga miji mingi baada ya hapo. Siku hizi kuondoka ni rahisi, tiketi unakata kwenye simu na kuaga unaagia huko huko. Popote nilipokuwa watu wamekuwa wema, wamenipa mkono, wamenitakia safari njema. Sijawahi kukutana tena na mtu aliyeushika mkono wangu akakataa kuuachia.